Kabla ya Kulipia Hoteli ya Ufukweni: Mambo ya Kuzingatia kwa Familia Zinazokwenda Zanzibar

Likizo za shule za mwezi Juni na Desemba ni kipindi ambacho familia nyingi hupanga mapumziko katika hoteli kubwa za ufukweni, na Kisiwa cha Unguja ni miongoni mwa maeneo yanayopendelewa zaidi. Safari ya aina hiyo inaweza kugharimu akiba ya mwaka mzima, na mara nyingi sehemu kubwa ya fedha hulipwa kabla familia haijaiona hoteli kwa macho.

Wanaochagua hoteli kwa kawaida huangalia picha, idadi ya nyota na bei ya usiku mmoja. Vigezo hivyo vina nafasi yake, lakini haviwezi kueleza mambo mawili yanayoamua kama likizo ya familia yenye watoto itafanikiwa: hali ya bahari iliyo mbele ya hoteli na masharti yaliyoandikwa katika mkataba wa malazi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayopaswa kuchunguzwa kwanza.

Bahari ichaguliwe kabla ya hoteli

Maji ya bahari katika pwani ya Zanzibar hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Muda kati ya maji kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takribani dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kina kati ya maji makuu na maji kupwa hufikia takribani mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Athari yake hutofautiana kwa upande wa kisiwa. Katika pwani ya mashariki, yenye fukwe za Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe upo mbali na ufukwe na sehemu ya kati ina maji mafupi. Maji yakipwa, eneo kubwa hubaki mchanga mtupu, vidimbwi na majani ya baharini, na mtu hulazimika kutembea mwendo mrefu kufikia maji ya kuogelea. Katika ncha ya kaskazini-magharibi, hususan Kendwa na sehemu ya Nungwi, kina huongezeka karibu na ufukwe, hivyo kuogelea huwezekana karibu saa zote za mchana.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba upande mmoja ni bora kwa kila familia. Maji mafupi na tulivu ya mashariki, yakiwa yamejaa nusu, huwafaa watoto wadogo wanaojifunza kuogelea, na maji yakipwa watoto wakubwa hupata fursa ya kuona viumbe wa baharini na kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Wageni wanatakiwa kutokanyaga kamba na vigingi vya mashamba hayo, kwa kuwa ni njia ya kipato kwa wakulima, wengi wao wakiwa wanawake. Kwa upande mwingine, kina cha haraka cha Kendwa na Nungwi kinawafaa zaidi wanaojua kuogelea na kinahitaji uangalizi wa karibu kwa watoto.

Familia inaweza kukadiria hali ya maji kabla ya kuchagua tarehe. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji hujaa majira ya saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa majira ya saa nne asubuhi. Siku za maji mafu hali hukaribia kuwa kinyume chake: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni. Anayepanga kukaa siku tatu katika pwani ya mashariki wakati wa bamvua ajue kwamba asubuhi zake nyingi zitakuwa za kutembea juu ya mchanga, na kuogelea kutakuwa kwa alasiri.

Majira na upepo

Msimu wa upepo wa kusi, unaoanza takribani mwezi Aprili na kuendelea hadi Septemba, huleta hali ya hewa ya ubaridi kiasi na upepo mkali katika fukwe za mashariki na kusini-mashariki. Upepo huo ndio unaoifanya Paje kuwa kituo cha mchezo wa kuteleza majini kwa tiara, lakini familia inayotaka maji yaliyotulia inaweza kuona pwani ya magharibi na kaskazini-magharibi inafaa zaidi kwa miezi hiyo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, pamoja na joto kali zaidi.

Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Katika kipindi hicho baadhi ya hoteli hupunguza bei na nyingine hufunga kwa ajili ya matengenezo. Bei hupanda Julai na Agosti, na hupanda zaidi katika wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kwa familia za Kitanzania, likizo ya Juni huangukia kati ya misimu hiyo miwili, na mara nyingi bei zake huwa nafuu kuliko za mwezi unaofuata.

Bei inamaanisha nini

Bei ya usiku mmoja inaweza kuwa ya chumba kizima au ya mtu mmoja, na inaweza kuhusisha kifungua kinywa pekee, kifungua kinywa na chakula cha jioni, milo yote mitatu, au milo pamoja na vinywaji. Hata mfumo unaoelezwa kuwa unajumuisha kila kitu una mipaka: vinywaji vya aina fulani, migahawa maalumu ndani ya hoteli, michezo ya majini yenye injini na usafiri kutoka uwanja wa ndege mara nyingi hulipiwa kando. Hoteli nyingi kubwa pia hutoza chakula cha lazima cha sikukuu usiku wa Krismasi au wa Mwaka Mpya.

Umri wa mtoto ni jambo jingine linalobadilisha hesabu. Kila hoteli huweka ukomo wake. Kwa mfano, familia yenye watoto wa miaka 4, 9 na 13 ikiwasiliana na hoteli inayomhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 12, mtoto wa tatu atalipiwa kama mtu mzima na huenda familia ikalazimika kuchukua vyumba viwili. Katika hali hiyo ni muhimu kuuliza iwapo vyumba vimeunganishwa kwa mlango wa ndani au vitakuwa katika majengo tofauti. Baadhi ya hoteli hazipokei watoto kabisa, na sharti hilo hupaswa kuthibitishwa kabla ya malipo.

Hoteli kadhaa hutoa bei nafuu kwa raia na wakaazi, lakini bei hiyo haionekani kila mara katika mitandao ya kimataifa ya kuhifadhi vyumba. Inashauriwa kuwasiliana na hoteli moja kwa moja, kuomba bei ya mkaazi kwa maandishi, na kuhakikisha inaeleza kama kodi na tozo zote zimo.

Kuhusu nyota, vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya kupanga huduma za malazi katika daraja la nyota moja hadi tano hupima majengo, vyumba, chakula na huduma. Nyota zinazoonekana mtandaoni zinaweza kuwa za tovuti husika au za maoni ya wateja, na hazipaswi kuchukuliwa kuwa ndiyo daraja rasmi.

Usalama wa watoto

Hoteli yenye mabwawa kadhaa ya kuogelea ina mvuto, lakini swali la msingi ni nani anayeyasimamia. Mzazi aulize kama kuna mwokoaji aliyefunzwa, anakuwepo saa zipi, kama bwawa la watoto limetengwa na la watu wazima, na kina chake ni kiasi gani. Pale ambapo mwokoaji yupo, wajibu wa mzazi haukomi: mtoto mdogo huweza kuzama kwa dakika chache bila kupiga kelele. Katika fukwe zenye matumbawe, viatu vya mpira huzuia majeraha ya mawe na ya viumbe wenye miiba.

Umbali wa huduma za afya nao uzingatiwe. Hospitali kubwa ya Mnazi Mmoja ipo mjini, na Nungwi iko takribani kilomita 60 kutoka mjini. Kwa upande wa kaskazini ipo Hospitali ya Kivunge, na kwa upande wa kusini ipo Hospitali ya Makunduchi. Familia yenye mtoto mwenye pumu, kifafa au ugonjwa mwingine unaohitaji huduma ya haraka iulize hoteli kama ina muuguzi na gari la dharura wakati wa usiku.

Uhalali wa hoteli na malipo

Sheria ya Utalii ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2009 inaweka usimamizi wa biashara za utalii, zikiwemo hoteli, chini ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mwananchi mwenye shaka kuhusu hoteli au wakala ana haki ya kuuliza Kamisheni iwapo biashara hiyo ina leseni. Wakala aliyeko Tanzania Bara naye anapaswa kuwa na leseni ya wakala wa biashara za utalii, maarufu kama TALA.

Malipo yafanywe katika akaunti yenye jina la kampuni, si katika namba ya simu ya mtu binafsi, na risiti ya kielektroniki idaiwe. Kabla ya kulipa amana, familia iombe masharti ya kughairi kwa maandishi: siku ya mwisho ya kughairi bila makato, kiasi kinachokatwa baada ya siku hiyo, na kama tarehe zinaweza kusogezwa endapo mtoto ataugua. Bei ya chini zaidi mara nyingi ndiyo isiyorejeshwa. Malalamiko kuhusu huduma isiyolingana na makubaliano yanaweza kuwasilishwa kwa Kamisheni ya Utalii au kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, yakiambatana na mkataba, risiti na picha.

Kwa familia zinazosafiri na ndugu wenye uraia wa nchi za nje, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar kwa Dola za Marekani 44 kwa mtu mzima. Wananchi wanaovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, safari ya takribani saa mbili, wabebe vitambulisho vyao na kuweka nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kabla ya kutuma fedha, kila familia inashauriwa kuiandikia hoteli ujumbe mmoja wenye maswali haya: maji hupwa kwa umbali gani mbele ya hoteli, mtoto huhesabiwa hadi umri gani, bei inajumuisha nini, mwokoaji yupo saa ngapi, na amana hurejeshwa kwa masharti yapi. Majibu hayo yahifadhiwe pamoja na risiti hadi safari itakapokwisha.