Viwanja vya bondeni: ukaguzi hufika nyumba zimeshasimama

Na Mwandishi Wetu

MWEZI wa Januari bonde halina neno. Jua limekausha nyasi, mafunjo yamekatwa na kuchomwa moto, na pale ambapo miezi miwili iliyopita mtu alikuwa akizama hadi magotini, sasa watoto wanacheza mpira. Dalali wa ardhi humleta mnunuzi wakati kama huo. Humwonyesha vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe, humwonyesha barabara iliyochongwa juzi kwa greda, kisha humtajia bei.

Katika wilaya ya Wakiso, inayouzunguka mji wa Kampala, biashara hii ndiyo inayobadili sura ya vijiji. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu laki tisa na ushee wilayani humo. Mwaka 2014 walikaribia milioni mbili, na sensa ya mwaka 2024 ilipata zaidi ya milioni 3.4. Watu hao wote lazima walale mahali.

Kwa hiyo mashamba ya migomba na kahawa yanakatwa vipande vya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila mpangaji wa Kampala anayeota kuwa na kwake anakijua kama jina la mwanawe. Mwalimu, askari, muuza duka na mwendesha bodaboda wanaweka akiba miaka mingi, wengine kupitia vyama vya akiba na mikopo, ili wapate kipande kimoja tu cha namna hiyo.

Asiyeijua Buganda afahamu kwamba nchi hii ni ya vilima vyenye vichwa bapa, na kati ya kilima na kilima kuna bonde lenye mafunjo. Vichwa vya vilima vina wenyewe tangu zamani. Miteremko imejaa. Kilichobaki ni chini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mtu ana shamba la ekari 20 linaloanzia ubavuni mwa kilima na kuishia kwenye mafunjo. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ukitoa barabara na vichochoro, utapata viwanja kama saba kwa ekari. Ekari 16 za juu zitatoa viwanja 112. Ekari nne za chini zitatoa viwanja 28 zaidi, na ni wafanyabiashara wachache watakaokubali kuviachia vyura.

Ndiyo maana katika mradi wa namna hii mstari mmoja tu kwenye ramani ndio unaogombaniwa: ardhi kavu inaishia wapi, na ardhi oevu inaanzia wapi?

Sheria imekwisha kulijibu swali hilo, na jibu lake haliwapendezi madalali. Ardhi oevu, kwa mujibu wa sheria za Uganda, ni eneo linalofunikwa na maji wakati wote au kwa msimu, ambalo mimea na wanyama wake wamelizoea hali hiyo. Maneno yenye uzito hapo ni "kwa msimu". Bonde lililokauka Januari na kujaa Aprili ni ardhi oevu Januari na Aprili pia.

Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema Serikali, kuu au ya mtaa, inashikilia maziwa, mito na ardhi oevu kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikarudia hilo na kuongeza kwamba Serikali haina ruhusa ya kuzikodisha au kuzigawa. Kanuni za mwaka 2000 nazo zikaweka mipaka ya hifadhi: mita 200 kutoka ukingo wa maziwa makubwa kama Victoria, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mito mingine.

Hapo ndipo penye mgongano wa siku nyingi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda ni ya mailo, mfumo ulioanza na Mkataba wa mwaka 1900, na hati nyingi za zamani zinashuka kutoka kilimani hadi katikati ya bonde bila kuuliza maji yanapita wapi. Juu yake kuna watu wa kibanja, wanaokaa na kulima kwa haki inayotambuliwa lakini bila hati ya kumiliki. Mwenye mailo anauza, mwenye kibanja anauza, na mara nyingine wote wawili wanauza kipande kile kile.

Lakini hati si kinga. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba hati zilizotolewa ndani ya ardhi oevu baada ya mwaka 1995 zifutwe. Anayenunua leo kipande kilichokatwa juzi na kuonyeshwa karatasi yenye muhuri anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua pochi.

Ukisoma sheria zinazohusu mipango ya makazi utadhani hakuna mwanya. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, kijiji na mji sawasawa. Mtu anayetaka kukata shamba lake viwanja anapaswa kupeleka ramani yake kwenye kamati inayohusika. Mradi mkubwa wa nyumba unahitaji ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, inayopelekwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Tena Septemba 2021 NEMA ilitangaza kwamba haitapokea tena maombi ya miradi ndani ya ardhi oevu.

Kinachotokea vijijini ni kingine kabisa. Mwenye shamba la ekari 20 haendi kwenye kamati na mradi wa viwanja 140. Anauza kiwanja kimoja leo, viwili wiki ijayo. Kila mauzo yanaandikwa kwenye karatasi ya makubaliano, mashahidi wanatia saini, mwenyekiti wa LC1 anagonga muhuri na kupokea kifuta jasho chake. Machoni mwa ofisi za wilaya mradi haupo. Kuna wanunuzi 140 tu, kila mmoja na kipande chake, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye nyumba yake ya vyumba vitatu ni kubwa kiasi cha kuhitaji tathmini.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo tundu ambalo maji yote yanapitia. Ukaguzi umewekwa kwa ajili ya mtu anayeomba. Asiyeomba hakaguliwi, mpaka siku ofisa wa mazingira anapopita na kukuta mabati yanang'aa bondeni. Siku hiyo hakuna tena cha kukagua. Kuna cha kubomoa tu.

Watu wa Lubigi wanaijua siku hiyo. Bonde la Lubigi linapokea maji ya sehemu ya kaskazini na magharibi ya Kampala na kuyapeleka mto Mayanja, kisha Kafu, na hatimaye Nile. Juni 2024 mashine za NEMA, zikisindikizwa na vyombo vya usalama, ziliingia upande wa Nansana na kuangusha nyumba zilizojengwa ndani ya bonde hilo. Waliobomolewa walilalamika kwamba walinunua kwa fedha halali, mbele ya viongozi wa vijiji, na kwamba umeme waliunganishiwa na hakuna aliyewauliza kitu. Msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba aliyejenga ndani ya ardhi oevu kinyume cha sheria hana fidia.

Mtu anaweza kukubaliana na sheria hiyo na bado akaona kasoro yake. Dalali hakubomolewa. Aliyeuza hakubomolewa. Aliyegonga muhuri yuko ofisini kwake. Hasara yote ilibaki kwa mtu wa mwisho kwenye msururu, ambaye ndiye aliyekuwa na fedha kidogo kuliko wote.

Wapo pia wanaouliza kwa nini barabara ya mzunguko wa kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilipitishwa kwenye bonde hilo hilo, na kwa nini mtambo wa kusafisha maji taka wa Lubigi ulijengwa humo. Jibu la wataalamu ni kwamba miradi hiyo ilipimwa na kupewa masharti. Hilo huenda ni kweli, ila mwanakijiji anayeona malori ya Serikali yakimwaga kifusi kwenye mafunjo hasomi masharti. Anaona kwamba inawezekana.

Sasa turudi kwenye shamba letu la ekari 20, maana hatari haiko kwenye viwanja 28 vya chini peke yake. Tuseme mwenye shamba ni mtu mwema, akaviacha, akauza vile 112 vya juu tu. Nyumba 112 zenye watu watano kila moja ni watu 560. Vijijini huko hakuna bomba la maji taka. Kila nyumba itachimba choo cha shimo, na wenye uwezo watajenga tangi la maji machafu. Mashimo hayo yote yatakuwa juu, na chini yake, pale mteremko unapokutana na bonde, ndipo kwa kawaida chemchemi inapotokea.

Chemchemi hizo, zilizojengewa ukuta na bomba fupi, ndizo zinazonywesha vijiji vingi na hata mitaa ya maskini ya Kampala. Vipimo vilivyofanywa katika chemchemi za mji huo vimeonyesha mara kwa mara kwamba maji yake huchafuliwa, hasa baada ya mvua, kutokana na vyoo na takataka zilizo juu yake. Mvua za El Niño zilipofurika mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kiliingia Kampala, na waliolazwa wengi walitoka mitaa ya mabondeni.

Mafunjo yana kazi hapo. Mizizi yake hushika tope, hunyonya rutuba iliyozidi kwenye maji machafu, na kuyachelewesha maji ya mvua yasishuke yote kwa saa moja. Mwaka 1999 wachumi walijaribu kukisia thamani ya kazi hiyo katika bonde la Nakivubo, linalopokea uchafu wa katikati ya Kampala kabla haujaingia ziwani, karibu na mahali mji unapochota maji yake ya kunywa huko Gaba. Walipata kati ya dola milioni moja na milioni 1.75 kwa mwaka. Bonde la kijijini halifikii kiasi hicho, lakini nalo lina watu wanaolitegemea: wanaokata mafunjo ya mikeka, wanaovua kambare, wanaolima magimbi pembeni, na ng'ombe wanaolishwa humo wakati wa kiangazi.

Kamati inayopewa ramani ya mradi wa namna hii, ikiwa inataka kufanya kazi na si kupitisha karatasi, ingeanza kwa kwenda bondeni kwa miguu, na si mwezi wa Januari. Mvua kubwa za Buganda ni za Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au zaidi. Ingechimba shimo la futi mbili. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu unasema maji hukaa hapo, hata kama juu pamekauka na kupandwa mahindi. Mikindu iliyobaki imesimama peke yake katikati ya shamba nayo ni shahidi.

Ingeuliza vyoo vitakaa wapi na chemchemi iko wapi, na ingeweka viwanja vikubwa zaidi karibu na bonde badala ya vidogo. Ingetazama barabara. Barabara ya kifusi inayokata bonde bila makalvati ya kutosha ni boma. Maji yatarudi nyuma na kuingia nyumba za kijiji jirani ambacho hakikuuza hata futi moja.

Juu ya yote, kamati isingengoja kuombwa. Mwenyekiti wa LC1 anayegonga muhuri wa tano kwa shamba lile lile ndani ya mwezi mmoja anajua kinachoendelea. Kumpa wajibu wa kupeleka taarifa kwa ofisa wa mazingira wa wilaya baada ya muhuri wa tatu, na kumnyima uwezo wa kugonga mwingine kabla ramani haijaonekana, ni kazi ya waraka mmoja. Greda inayochonga barabara mpya nayo haijifichi. Inanguruma kutwa nzima.

Mnunuzi kwa upande wake anaweza kwenda ofisi ya ardhi ya kanda na kutafuta kumbukumbu za hati kabla ya kulipa. Huduma hiyo iko wazi kwa umma. Anaweza kumwita ofisa wa mazingira wa wilaya atazame eneo. Na anaweza kurudi kwenye kiwanja bila dalali, Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku, akawauliza kina mama wanaoteka maji chemchemini ni wapi maji yalifika mwaka jana. Wao hawauzi kitu hapo, na kigingi cheupe wanakijua: ndicho wanachokanyagia wasilowe miguu.