Mnyama Aliyeitwa "Huyo Pale!"

Msafiri aendaye ugenini bila kujua lugha ya wenyeji hana budi kuonyesha kwa kidole, na aonyeshaye kwa kidole hana hakika atajibiwa nini. Jambo hilo, kama isimuliwavyo, lilimpata Mfaransa mmoja, Pierre Sonnerat, mtaalamu wa mimea na wanyama, aliyefika kisiwa cha Madagascar katika karne ya 18. Kisiwa hicho ndicho wazee wa pwani yetu walichokiita Bukini. Alikuwa mwituni pamoja na wenyeji, na mara mmoja wao akamwona mnyama juu ya mti, akapaza sauti, "Indry!" Kwa Kimalagasi ni kama kusema, "Huyo pale!" Mgeni akadhani ametajiwa jina, akaliandika. Mwaka 1782 akalichapisha kitabuni, na wataalamu waliomfuata wakalikuza kosa hilo, kama ni kosa, hata leo jina la mnyama huyo katika vitabu vyao ni Indri indri, yaani, "Huyo pale, huyo pale!"

Wako wasioikubali hadithi hii. Wao wasema liko jina la kienyeji, endrina, na kwamba huenda Sonnerat alilisikia hilo, akalikosea kidogo tu. Lakini hadithi ya kwanza yachekesha zaidi, basi ndiyo iliyoenea.

Wenyeji wenyewe humwita babakoto. Koto ni jina la mvulana, na baba ni baba vilevile katika baadhi ya lahaja za huko. Herufi "o" ya Kimalagasi hutamkwa kama "u" yetu, kwa hiyo sikioni mwa Mswahili jina hilo ni kama Baba Kutu, ingawa hapana chuma hapo. Yasimuliwa kwamba mtu mmoja alipanda mti kurina asali, nyuki wakamshambulia, akaachia tawi. Babakoto akamdaka asife. Tangu hapo ikawa fady, yaani mwiko, kumwua au kumla mnyama huyo.

Mtu wa Afrika Mashariki afikapo huko hujiona yuko nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja. Asili ya Kimalagasi ni visiwa vya mbali vya Asia, upande wa Borneo, lakini majina mengi ya mifugo yalitoka katika lugha za pwani ya Afrika. Ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, kanga ni akanga, na mamba ni mamba. Kondoo ni ondry. Basi mgeni mwenye ulimi mzito, akikosea irabu moja tu, atakuwa amewaonyesha wenzake kondoo aliye juu ya mti! Tena asijiamini mno. Akimsikia mtoto wa Antananarivo akiita, "Dada! Dada!" atageuka kumtafuta msichana, kumbe mtoto amwita baba yake.

Babakoto ni jamaa ya komba wetu, ila komba hutembea usiku, naye ni mnyama wa mchana. Ndiye mkubwa kupita lemuri wote walio hai. Huweza kufikia kilo 9. Manyoya yake ni meusi na meupe, mkia wake ni kipande kifupi tu, na hula hasa majani machanga. Dume na jike hukaa pamoja na watoto wao, nao huimba kwa zamu na kwa pamoja; sauti yao, mfano wa kilio kirefu, husikika mwendo wa kilometa 2 na zaidi. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena.

Uzazi wa namna hiyo hauwezi kushindana na panga na moto. Wakulima wa mashariki ya kisiwa hukata mwitu na kuuchoma wapande mpunga. Baada ya misimu michache udongo huchoka, nao husogea mbele. Si haki kuwalaumu kwa wepesi, maana wana watoto wa kulisha. Lakini mwitu umekwisha sehemu nyingi, na baadhi ya watu waliohamia kutafuta dhahabu hawaijui fady, au hawaijali, nao humwinda babakoto kwa nyama. Ametangazwa kuwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Wala hawezi kuhifadhiwa kizimbani. Waliojaribu kumfuga walishindwa, akafa.

Kwa hiyo atakaye kumwona hana budi kwenda Andasibe, yapata kilometa 140 mashariki ya Antananarivo, na kuamka mapema, ukungu ungali mitini. Kiongozi wa wageni husikiliza kwanza. Sauti ikilia karibu, husimama na kuinua kidole kuelekea matawini. Na mgeni akiuliza jina, hujibiwa: babakoto.