Kiswahili na Haki za Mkimbizi

Hapa Migori na kwa jirani zetu Homa Bay, wengi hudhani mwanasheria ni wa kesi za mashamba tu. La hasha! Wako vijana Wazungu waliosomea sheria wanaokuja Afrika kujifunza kazi kwa kuwasaidia wakimbizi. Hata ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Refugee Law Project mwaka 1999.

Mwanagenzi humsikiliza mkimbizi na kuandika maelezo yake. Tarehe moja ikikosewa, mkimbizi aweza kuonekana mwongo akanyimwa hifadhi. Mkataba wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi hatarini, lakini kwanza lazima aaminiwe.

Mkongomani akijieleza kwa Kiswahili, mgeni hutafuta mkalimani. Sisi twamwelewa moja kwa moja. Basi wenzangu, tusikidharau Kiswahili. Chaweza kuokoa roho ya mtu.