Kura tano kwa kila kituo: Kikundi chenu cha mtaa kina kazi kabla ya 2027

Wewe ulikuwa wapi usiku wa Agosti 9, 2022? Mimi nilikuwa nje ya darasa la shule moja ya msingi huku Eastlands, nimejikunja ndani ya jaketi, nikingoja karatasi ibandikwe mlangoni.

Tulikuwa watu saba. Fundi wa simu, dada wa kusuka nywele, vijana wawili wa nduthi, mwanafunzi wa uhasibu, jamaa mwenye kinyozi, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika. Hakuna aliyetutuma. Hatukuwa na fulana wala marupurupu. Tulikuwa na simu zenye chaji na daftari moja la kurasa 96, basi.

Karatasi yenyewe inaitwa Fomu 34A. Ndiyo inayosema kila mgombea urais amepata kura ngapi katika kituo kimoja. Sheria inataka nakala yake ibandikwe pale pale kituoni, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma. Si ya mawakala wa vyama peke yao. Ni yako pia. Ilipobandikwa tukapiga picha, tukaandika nambari kwenye daftari, tukakimbilia mlango uliofuata.

Baadaye tukaingia kwenye tovuti ambako IEBC ilikuwa ikiweka picha za fomu hizo wazi kwa kila mtu. Tukalinganisha za shule yetu, moja baada ya nyingine. Zote zililingana.

Najua unachofikiria: sasa story iko wapi hapo? Mimi pia nilidhani tumepoteza usingizi bure, hadi nilipoenda kunyolewa. Wateja walikuwa wakizozana tangu asubuhi kwamba kura za mtaa wetu zimepikwa. Mwenye kinyozi akazima mashine, akatoa simu, akawaonyesha picha aliyopiga mlangoni na ile ya tovuti. Ubishi haukuisha, lakini ulihamia mitaa mingine. Kuhusu yetu, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Sasa tufanye hesabu kidogo. William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya mwenyewe kwa simu yako. Unapata kura tano na kitu kidogo kwa kila kituo.

Tano! Hao ni watu wa benchi moja pale kwa mama wa chai. Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia ati atafuatilia matokeo kwa TV. Kilichotangazwa Bomas kilikuwa jumla ya milango. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo yale, kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na Septemba 5 mahakama ikayadumisha. Muda huo wote, mwananchi yeyote mwenye bando angeweza kufungua fomu za kituo chake na kujionea.

Na hiyo nafasi haikudondoka kutoka mbinguni. Kuna watu walioipigania, na hawakuwa wakiwania kiti chochote. Maina Kiai, Khelef Khalifa na Tirop Kitur walienda kortini, na Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa katika eneobunge, ni ya mwisho. Hakuna mkubwa wa kuyabadilisha Nairobi. Septemba 1 mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na jinsi matokeo yalivyopeperushwa ni moja ya mambo yaliyouangusha. Miaka mitano baadaye, fomu zikawa wazi kwa wote.

Lakini ngoja. Kura imehesabiwa sawa, mheshimiwa ameapishwa. Halafu?

Kikundi chetu kilikaribia kufa hapo. Kilichokiokoa ni mtaro. Kwenye barabara yetu ya ndani kulikuwa na bango lililosema ujenzi wa mtaro umekamilika. Mvua ilipokuja, maji hayakuwa yamesoma hilo bango. Yaliingia kwa mama anayetuuzia mboga, yakabeba sukuma ya siku mbili na mtaji wake wote. Mwanafunzi wa uhasibu akauliza swali moja tu: karatasi ya huu mtaro iko wapi?

Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu hakuna aliyenifundisha hili shuleni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuzipata. Unaandika barua kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili hiki hiki. Kuomba hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Na sababu zako za kutaka habari hizo haziwezi kutumiwa kukunyima haki hiyo.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja: tunaomba mkataba wa mtaro, urefu wake na malipo yaliyofanywa. Tukaipeleka katika ofisi moja ya umma. Karani akaisoma, akatuangalia juu hadi chini. "Nani amewatuma?"

"Tumejituma, mzee," dada wa kusuka akajibu. "Tunaomba tu utugongee muhuri kwa nakala yetu."

Huo muhuri ndio uliotuokoa. Siku 21 zikapita kimya. Tukachukua ile nakala tukaenda kwa tume ya CAJ, ile tunayoiita Ombudsman, ambayo sheria imeipa kazi ya kusikiza malalamishi ya walionyimwa habari. Bila muhuri wenye tarehe, tungethibitisha vipi kwamba tuliwahi kuuliza? Ilichukua muda, nisikudanganye. Lakini karatasi zikatoka.

Zilisema mita 240. Tukaazima tepu kwa fundi wa mjengo, tukapima Jumapili mchana watu wote wakiona. Tukapata mita 150.

Wazo la kupima si letu. Shirika la MUHURI la Mombasa lilishawafundisha wakazi kukagua miradi ya CDF kwa mtindo huo: chukua rekodi, nenda mahali penyewe, linganisha, kisha soma hadharani. Nasi tukasoma kwenye baraza. Hatukutaja neno wizi hata mara moja. Tulitaja nambari mbili tu, 240 na 150, tukakaa chini.

Mkandarasi alirudi. Akachimba mita 60 zaidi. Zimebaki 30, na kibanda cha mama mboga kiko ndani ya hizo 30. Kwa hivyo usiniulize kama tulishinda. Mvua ikianza usiku, bado tunaenda kumsaidia kuinua magunia.

Kuna gharama nyingine pia. Mmoja wa vijana wetu wa nduthi alipigiwa simu na nambari asiyoijua, akaambiwa ana steji nzuri, asiipoteze. Akatoka kwenye kikundi. Hatukumlaumu, ana watoto wawili. Tangu siku hiyo barua zetu huwa na sahihi za watu wote, hakuna anayeenda ofisini peke yake, na nakala hazikai kwa simu moja. Na ukianza kumfanyia mwanasiasa kampeni, unapumzika kikundini hadi uchaguzi uishe. Ukivaa rangi ya chama, nani ataamini tepu yako?

Juni 2024 wengi wetu tulikuwa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Tulipoteza wenzetu, na rais akakataa kuutia saini. Hakuna wa kuniambia kelele hazina kazi. Lakini bajeti ya kaunti hupita kila mwaka, na kwenye ukumbi wetu wa wadi nimewahi kuhesabu watu kumi na mmoja, wanne wao wakingoja soda. Andika tarehe hizi mahali: Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika kwa bunge la kaunti. Februari 28, taarifa ya mikakati ya fedha. Aprili 30, makadirio ya bajeti. Ukitaka mtaro, taa au choo cha soko, uliza kabla ya hizo tarehe. Ukija Julai, pesa zimeshapangiwa kazi.

Halafu kuna tarehe kubwa: Agosti 10, 2027. Mwaka wa 2022 vijana tulikuwa karibu asilimia 40 ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, na sehemu yetu ilikuwa imeshuka kutoka 2017. Kama hujajisajili, ofisi ya IEBC ya eneobunge lako ndiko pa kuanzia. Kama umejisajili, hakikisha jina na kituo chako viko sawa mapema, si wiki ya mwisho ukisukumana kwenye foleni.

Usingoje shirika lije na gari kubwa na kofia. Tafuta watu sita unaowaamini. Nunueni daftari. Gawaneni milango ya shule iliyo karibu, kila mtu ajue wake. Kabla siku hiyo haijafika, chagueni mradi mmoja wenye bango na muuombe karatasi zake.

Sisi tunakutana Jumapili hii saa kumi, kwa kinyozi. Nafasi ya yule kijana wa nduthi bado iko wazi, na barua ya mita 30 iko mezani, inangoja sahihi.