Mswaki wa Usiku: Afya ya Kinywa katika Delta ya Rufiji

Katika visiwa vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mgonjwa wa jino hulazimika kusubiri maji yajae ndipo mashua iondoke kuelekea Nyamisati, kisha ashike barabara ya kwenda Kibiti mjini. Safari hiyo yaweza kummalizia siku nzima. Kwa mkazi wa huko, kinga ina uzito wa pekee.

Jino huozeshwa na asidi. Bakteria waishio ndani ya ukoga, yaani utando laini unaoganda juu ya meno, hula sukari na kutoa asidi iyeyushayo madini ya jino. Mate huizimua asidi hiyo baada ya takriban nusu saa. Basi mvuvi anayeonja chai tamu kidogo kidogo tangu alfajiri hadi adhuhuri huyaacha meno yake katika asidi asubuhi yote, hata kama sukari yake ni sawa na ya mwenziwe aliyemaliza kikombe kwa mara moja pamoja na chakula. Ushauri wa "punguza sukari" pekee hautoshi; idadi ya nyakati za kuila nayo ihesabiwe.

Usiku mate hupungua. Kwa hiyo mswaki wa kabla ya kulala, ambao wengi huuacha, una manufaa zaidi kuliko ule wa asubuhi. Dawa ya meno iwe na floridi, nayo itemwe bila kusukutua kwa maji. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na kiasi cha punje ya mchele.

Mswaki wa mti huondoa ukoga vema ukifikishwa hadi kwenye ufizi na upande wa ndani, ila floridi ya dawa bado inahitajika. Mkaa na mchanga hukwangua jino. Ufizi ukitoa damu, kusugua kusiachwe, kwani mara nyingi damu hiyo husababishwa na ukoga wenyewe.

Yale yaitwayo "meno ya nailoni" kwa wachanga ni vichipukizi vya meno halisi. Kuyang'oa hakuponyi homa wala kuhara, na huleta maambukizi.

Uvimbe chini ya taya, homa, kushindwa kufunua kinywa au kumeza ni dharura. Mgonjwa huyo apelekwe kituoni kwa chombo cha kwanza kipatikanacho, asingojee kupambazuke.