Maji ya Hita kwa Jurawa wa Maskat

Mwezi wa Juni jamaa zangu wa Unguja huniletea salamu kwamba kipupwe kimeingia, watoto wanalala na shuka mbili. Mimi huku Maskat, alfajiri ya mwezi huohuo, nafungua bomba la bustanini na maji yanatoka na moto wa kumkandia mzazi. Matangi yetu yako juu ya mapaa. Jua huyakalia kutwa, na usiku hauyapozi. Kwa hivyo watu wa mji huu tuna hila yetu: ikiingia Mei tunazima hita za bafuni, na maji yaliyotulia ndani ya hita, chini ya dari, ndiyo yanayokuwa maji baridi ya nyumba. Kopo la kwanza la maji hayo nalitoa nje kwa ndege, kabla mtu hajaoga.

Nilianza kwa kumwona jurawa, ambaye wengine mnamwita shomoro, amejibanza chini ya kiyoyozi cha chumba changu. Mdomo wazi, mbawa kaziachanisha na mwili, anangoja tone lidondoke kutoka kwenye bomba la kiyoyozi. Likidondoka, analidaka. Nyuma yake wengine wanne wanangoja zamu. Mimi nimelelewa Ng'ambo, Unguja, katika nyumba iliyokuwa na mtungi na kata barazani kwa kila mpita njia. Niliona haya.

Ndege hatoki jasho. Mwili wake una joto kuliko wetu, nyuzi 40 au 41 hivi akiwa mzima. Hewa ikiwa baridi kuliko yeye, joto humtoka lenyewe. Ila hewa ikishapita kiwango hicho, njia yake kubwa ni kuhema kwa kasi mdomo wazi, unyevu wa kooni ukauke na kumpoza. Tetere huongeza na kutikisa ngozi ya koo, utadhani ana kwikwi. Kila pumzi ya namna hiyo inamtoa maji, na jurawa mwenye gramu 25 hivi hana pa kuweka akiba. Huku kwetu hewa hufika huko mara nyingi, hasa upepo wa jangwani wanaouita gharbi ukiteremka. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat, mwendo si mrefu kutoka hapa, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria inakataza kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Ndege nao huitii, wasipokuwa na kiu.

Basi nikachukua sinia la alumini, nikaliweka juu ya ukuta, nikalijaza maji na pembeni nikamwaga ubwabwa wa jana. Kufika saa tatu asubuhi sinia halishikiki, na maji yamekuwa ya chai. Waliokuja kula walikuwa kunguru. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu tunajuana naye tangu kwetu: ndiye aliyeletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, eti asafishe taka za mji. Taka alizila, akaendelea na mayai na makinda ya ndege wenyeji, na leo yuko Dar es Salaam na Mombasa pia. Oman nako anahesabiwa mharibifu, yeye na maina, na wanaohusika na mazingira wanahangaika kuwapunguza. Mimi nilikuwa nawaandalia karamu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, maana lilihusu watu. Bakuli jingine nililiweka nyuma ya nyumba nikalisahau kama siku kumi. Kulifuata nikakuta viluwiluwi vya mbu vinachezacheza ndani. Mbu aenezaye dengi hataki dimbwi wala mtaro. Kibakuli cha maji masafi yaliyotuama kinamtosha, na kwenye joto hili yai lake hufika kuwa mbu kamili kwa wiki moja tu. Maskat tumeshaionja dengi. Tangu siku hiyo nina kanuni isiyo na msamaha: maji ya ndege hayalali. Asiyeweza kuyabadilisha kila siku bora asiweke kabisa, kwa sababu bakuli chafu lina hatari nyingine pia. Ndege hunya humohumo anamokunywa, na mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza wote waliokuja kumfuata.

Sasa nina mabakuli mawili ya udongo kutoka Bahla, mji wa bara unaosifika kwa wafinyanzi. Udongo usiopakwa rangi hupitisha unyevu kidogo kidogo na kuyapoza maji, kama mtungi wa nyumbani. Siku za unyevunyevu wa pwani haufui dafu, lakini hata hivyo hauunguzi miguu kama bati. Moja likiwa kazini, jingine limeshasuguliwa kwa kumbi la nazi na linakauka juani. Kina cha maji ni vifundo viwili vya kidole, si zaidi, na katikati nimeweka jiwe la kusimamia. Bakuli liko chini ya mkunazi, ambao Waarabu wanauita sidri, penye kivuli kuanzia asubuhi. Nimeliacha hatua tatu kutoka kwenye kichaka cha hina, maana paka wa mtaa huu wana subira kuliko walimu.

Kaa dirishani uwatazame. Jurawa huchota tone, akainua kichwa kama anayeshukuru, maji yakateremka. Tetere ana tabia zake: anazamisha mdomo na kuvuta moja kwa moja mpaka kiu iishe, bila kuinua kichwa. Shore, ambaye wenyeji wanamwita bulbuli, huja kuoga kwanza, akachafua maji ya wote, ndipo akanywa. Chozi simtegemei kwenye bakuli. Yeye hufuata utamu wa maua, na huyo namtunza kwa kutokata matawi yenye maua.

Chakula? Kiangazi si shida kubwa. Nawatupia mtama kidogo asubuhi, kiasi cha kwisha kabla jua halijakaza, na tende zinazodondoka naziacha chini. Pilau na masalia yenye chumvi msiwape, yanawaongezea kiu. Mkate huwashibisha bila faida. Mchele mbichi hauwapasui matumbo kama wasemavyo watu. Zaidi ya yote, nimekataa kupulizia dawa ya wadudu bustanini, kwani makinda ya jurawa hulishwa wadudu.

Agosti iliyopita mjukuu wangu aliingia mbio na tetere viganjani. "Bibi, amekufa?" Hajafa, alikuwa amezimia kwa joto. Mjukuu akataka kumtia maji mdomoni kwa kijiko, nikamshika mkono. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma ya ulimi, ukimmiminia unamzamisha. Tukamweka kwenye boksi la viatu lililotobolewa, ukumbini penye giza, mbali na pumzi ya kiyoyozi, na kifuniko cha chupa chenye maji kando yake. Baada ya muda tukasikia kucha zikikwaruza. Jua lilipozama tukamtoa chini ya mkunazi, akaruka mpaka kwenye waya wa simu, akakaa hapo akijipanga manyoya. Lakini kinda lenye manyoya kamili na mkia mfupi, linalorukaruka chini, msilibebe nyumbani. Limetoka kiotani kwa kujifunza, na wazazi wake wapo juu wanakulaanini. Kama liko juani, lisogezeni kivulini tu. Mama hatalikataa kwa harufu ya mkono wenu.

Nyinyi wa Unguja, wa Tanga, wa Lamu, joto lenu linakuja Disemba, kaskazi ikianza kuvuma. Kigae cha chungu kilichovunjika kinatosha. Kiwekeni kivulini, mbali na paka, na kila asubuhi mmwage maji ya jana kwenye mizizi ya mti kabla hamjatia mapya.