Dawa za Sonona, Sehemu ya Pili: Vibahasha Viwili, Mgonjwa Mmoja

Wiki jana tulieleza sonona ni ugonjwa wa namna gani, na kwa nini anayeugua hastahili kuambiwa ajikaze tu. Leo tunaiangalia dawa yenyewe. Ukishaandikiwa na daktari, utaitumiaje ikufae bila kukuletea balaa jingine?

Nitaanza na barabara. Kati ya Kitale na Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, kuna watu wengi ambao maisha yao yako pande zote mbili. Shamba la mahindi liko Trans Nzoia, boma liko Kimilili au Sirisia. Kibarua huku, matanga kule. Ugonjwa ukiwashika, hutibiwa popote walipo. Daftari la hospitali, lile la kawaida la wanafunzi ambalo daktari huandika ndani yake, husahaulika nyumbani, na kituo kinachofuata humfungulia mgonjwa daftari jipya. Hapo ndipo hatari kubwa ya dawa hizi inapozaliwa, nami nitalikalia jambo hilo kuliko mengine.

Mgonjwa wa sonona katika hospitali zetu za umma aghalabu hupewa dawa mojawapo kati ya mbili. Ya zamani ni amitriptilini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Ya pili ni fluoksetini, iliyoidhinishwa huko mwaka 1987. Zote mbili zinasaidia zikitumiwa ipasavyo. Amitriptilini huleta usingizi, kwa hivyo humezwa usiku. Fluoksetini huweza kumnyima mtu usingizi, kwa hivyo kwa kawaida humezwa asubuhi. Sasa tazama kibahasha unachokabidhiwa dirishani: tembe zimehesabiwa zikatiwa ndani, na juu kumeandikwa kwa kalamu "1x1". Maana yake ni moja, mara moja kwa siku, lakini ni asubuhi au usiku? Mara nyingine hata jina la dawa halisomeki. Usiondoke pale kabla hujaandikiwa jina kwa herufi kubwa, kipimo kwa miligramu, na wakati wa kumeza.

Wengi hawajui kwamba amitriptilini haitolewi kwa sonona peke yake. Kwa kipimo kidogo hupewa pia mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku, na mtu anayeumwa kichwa mara kwa mara. Basi tuseme kuna mama anayeuza mboga Kitale na kwao ni Kimilili. Kitale amepewa amitriptilini kwa ajili ya miguu. Akienda nyumbani, jamaa wanaona halali, hali, wala hacheki na wajukuu. Wanampeleka hospitali Bungoma, naye anapewa fluoksetini. Akiulizwa kama tayari anatumia dawa za akili, anajibu kwa ukweli wake wote kwamba hatumii. Anazo za miguu tu.

Ndani ya mwili, fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunjavunja amitriptilini. Tembe ile ile ya kila usiku inaanza kulimbikizana katika damu, hadi mara kadhaa ya kiwango kilichokusudiwa. Mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, mkojo unakataa kutoka, moyo unaenda mbio, mama anapepesuka akisimama. Nyumbani watasema sukari imepanda. Na hata akiiacha fluoksetini leo, mabaki yake huweza kukaa mwilini kiasi cha wiki tano, kwa hivyo hatari haiishi siku anapotupa kapsuli. Ziko nyakati daktari huandika dawa zote mbili kwa makusudi, lakini hupunguza kipimo na kumfuatilia mgonjwa kwa karibu. Mama wa mfano wetu hafuatiliwi na yeyote, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba ana vibahasha viwili.

Tramadoli nayo ni ya kuogopwa. Mwendesha boda boda aliyeanguka hupewa dawa hiyo kwa maumivu, na wako wanaoinunua kiholela. Ikikutana na fluoksetini huweza kuleta degedege, au kuuzidishia mwili serotonini, kemikali ile ile ambayo dawa za sonona huiongeza. Mtu hutetemeka, hutoka jasho jingi, mwili huwa wa moto, tumbo huendesha, akili huchanganyikiwa. Bungoma ni ukanda wa malaria, na mwenye dalili hizo atadhaniwa ana malaria. Apimwe, maana malaria inaua, lakini wakati huo huo anayempima aambiwe ni dawa gani nyingine anazomeza. Hata dawa ya kawaida ya malaria, ile iitwayo AL, hutaka uangalifu wa moyo kwa anayetumia amitriptilini. Hiyo si sababu ya kukataa matibabu ya malaria. Ni sababu ya kusema.

Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo tunazimeza kwa kila maumivu ya mgongo, zikitumiwa pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa tumbo kuvuja damu. Choo cheusi kama lami ni cha kukimbizwa hospitali. Anayetibiwa kifua kikuu sugu kwa linezolidi asichanganye kabisa mpaka daktari aamue. Busaa na chang'aa ziachwe. Kuhusu manyasi, yaani dawa za mitishamba, shida ni kwamba hatujui ndani mna nini. Ukiyanywa, mwambie daktari, wala usione haya.

Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya kwanza. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na wasiwasi huja mapema. Nafuu hungoja wiki mbili hadi nne, pengine sita. Wengi huziacha katika pengo hilo, wakiamini wamepewa sumu. Ukisahau kumeza, meza ukumbukapo, ila kama wakati wa nyingine umekaribia, ruka. Usimeze mbili kwa pamoja. Walio chini ya miaka 25 wakaliwe karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa baadhi yao hupata mawazo ya kujiua yakaongezeka. Na mgonjwa akianza kuzungumza bila kituo, halali wala hachoki, anagawa mali na kupanga makubwa, arudishwe haraka: huenda ugonjwa wake si sonona peke yake.

Kisha huja siku anajisikia mzima, nauli ya matatu ni ghali, mahindi yanangoja kuvunwa. Anaacha. Kizunguzungu, hasira na mishtuko kama ya umeme kichwani humjia, hasa ikiwa dawa yake si fluoksetini, na jirani anamwambia amekuwa mtumwa wa dawa. Si utumwa. Mwili ulizoea, na ulihitaji kupunguziwa kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupona. Rudi kituoni wiki moja kabla tembe hazijaisha, ili ukikuta hakuna upate muda wa kutafuta kwingine.

Amitriptilini iliyomezwa kwa wingi husimamisha moyo. Kwa hivyo dawa ikae kwa mtu mmoja wa nyumbani anayeaminika, mbali na watoto, naye ampe mgonjwa ya siku chache kwa wakati. Akisema anataka kufa, asifichwe. Familia nyingi zilinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mpelekeni hospitali, au pigeni simu 1199, laini ya Msalaba Mwekundu isiyolipiwa.

Nawe uliye na vibahasha katika nyumba mbili, viweke pamoja leo kwenye mfuko mmoja pamoja na daftari, na kila kituo uendacho, Kitale au Bungoma, umwage vyote mezani kabla hujaulizwa. Wiki ijayo tutazungumzia mimba na kunyonyesha. Mama mjamzito anayemeza dawa hizi asiache kwa kungoja makala yetu; amwone daktari wake kwanza.